Kitabu Kilichokatwa Vipande Vitatu

Mwalimu Ekaristia alipokata uzi wa kitabu kile, kisu kilitoka na unyevu. Alikipangusa kwenye kanga yake bila kukiangalia, kwa kuwa ulikuwa mwezi wa Desemba na kila kitu katika nyumba yao ya Matarawe kilikuwa na unyevu: chumvi, viberiti, hata shuka. Jioni, alipokuwa akifua, aliona doa la rangi ya kutu kwenye kanga. Alifikiri ni gundi ya zamani. Doa lile halikutoka.

Kitabu kilikuja shuleni kwao kabla ya likizo, ndani ya sanduku la vitabu vya msaada. Vingine vyote vilikuwa vya Kiingereza. Hiki kilikuwa cha Kiswahili, kinene kama tofali la kuchoma, kina kurasa elfu moja mia moja na nne, hakina jina la mwandishi wala mwaka. Mgongo wake ulishonwa kwa mkono kwa uzi mwekundu wenye mafundo saba.

Kilisimulia habari za dunia baada ya kuisha. Ugonjwa umewamaliza watu, miji imebaki magofu, na wachache waliosalia wanaishi nyuma ya ukuta mmoja. Nje ya ukuta wanatembea mumiani, watu waliokufa bila kuzikwa, ambao chakula chao ni damu. Katika theluthi ya kwanza mumiani wako mbali, barabarani, na mbwa tu ndio wanaowanusa. Katika theluthi ya pili wanafika langoni. Katika ya tatu wamo ndani.

Watu watatu walitaka kukisoma likizo hiyo. Mmoja alikuwa Ekaristia mwenyewe. Wa pili alikuwa Domina, mdogo wake, fundi cherehani aliyeishi peke yake katika chumba cha uani. Wa tatu alikuwa Mwalimu Beda, aliyefundisha naye na kukaa nyumba ya ng'ambo ya barabara pamoja na mkewe Leticia, muuza karanga.

Kwa miaka ishirini na sita Ekaristia alikuwa amefundisha madarasa ambamo kitabu kimoja kilisomwa na watoto sita, kwa hiyo alijua la kufanya. Unakata kitabu, unakivisha kila kipande jalada la kaki, kila dawati linapata sehemu yake, kisha mnabadilishana. Alichukua kipande cha kwanza, akampa Beda cha pili na Domina cha tatu.

"Sasa mimi nianzie katikati, kama mtu aliyechelewa misa?" Beda aliuliza.

"Anzia tu. Ukija kusoma changu utaelewa."

"Na Domina ajue mwisho kabla yetu. Domina, ukitusimulia nitakushtaki kwa padri."

"Mimi nasoma polepole, Mwalimu," Domina alisema. "Utamaliza, utazeeka, na mimi bado nipo ukurasa wa tatu."

Waliagana wakicheka.

Siku ya pili Ekaristia alisoma mahali ambapo mbwa wa kijiji wote wanakaa kimya wakitazama upande mmoja. Aliinuka kwenda kuchota maji. Mbwa wa mtaa walikuwa wamekaa kando ya barabara, saa nne asubuhi, kumi na mmoja kwa hesabu yake, wote wametazama miti ya mikaratusi, na hakuna hata mmoja aliyebweka. Mchana ule mbwa wao alikutwa amelala nyuma ya karakana ya mumewe, Urbani, aliyekuwa seremala. Shingo ilikuwa imefunguka kutoka sikio hadi sikio, na chini hapakuwa na tone la damu.

Urbani alichutama, akamgeuza kwa mpini wa tezo. "Chui hafanyi hivi," alisema taratibu. "Chui anakula nyama. Huyu hajaliwa. Huyu amenyonywa."

Ekaristia alirudi ndani kukifungua tena kitabu. Maneno hayo hayo alikuwa ameyasoma saa moja iliyopita.

Siku ya tatu, saa saba mchana, mvua ilikuwa ikinyesha. Beda na Leticia walikaa kula ugali na dagaa wa Nyasa, na kipande cha pili kilikuwa mezani kando ya bakuli, kimefunguliwa, maana Beda hakuweza kukiacha hata wakati wa kula. Mlangoni mtu alisema hodi. Beda, mdomo umejaa na macho yamo kitabuni, alijibu kama alivyojibu maisha yake yote, kama tunavyojibu sote kabla hata ya kujua nani amesimama nje.

"Karibu."

Ekaristia na Urbani walisikia ukelele wa Leticia ukipita juu ya kelele za mvua kwenye bati. Walivuka barabara mbio, Urbani na tezo lake mkononi, na walichokikuta sebuleni ni mtu mrefu, mwembamba, aliyelowa, mwenye ngozi ya karatasi iliyokaa majini, ameinama juu ya Beda kama mama anayemlisha mtoto, na kichwa cha Beda kilikuwa kimelegea nyuma kuliko shingo yoyote inavyoruhusu, na sauti iliyojaa chumba ilikuwa ya kumeza, kumeza, kumeza. Urbani alimpiga tezo la bega. Bega lilipasuka hadi mbavuni na ndani yake hapakuwa na nyama wala mfupa, kulikuwa na weusi tu, mistari kwa mistari, kama maandishi. Kiumbe kilimtazama. Kikamshika mkono wa kushoto, kikauvunja kwa kuusokota mara moja, kisha kikatoka dirishani na nondo zake.

Beda alikuwa mweupe kama chaki.

Polisi walikuja, wakaandika, wakasema wezi. Mwili ulipelekwa hospitali. Leticia alikalishwa kwa jirani. Ekaristia alibaki peke yake mle sebuleni, akakichukua kipande cha pili na kukisoma amesimama, pale kilipokuwa kimefunguka. Mtu anakula dagaa. Mtu anasema hodi. Mtu anajibu karibu, mdomo umejaa.

Ndipo alipomkumbuka Domina. Cherehani ya uani ilikuwa kimya tangu jana.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Urbani, mkono ukining'inia, aliuvunja kwa bega zima. Harufu iliyotoka ilikuwa ya buchani mwisho wa siku, damu na majimaji na karatasi iliyooza. Domina alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda, kitabu magotini. Midomo yake haikuwa na rangi. Viganja vyake vyote viwili vilikuwa na matundu, na damu ilitembea polepole ikiingia kwenye kurasa bila kuacha doa.

"Dada, acha nimalize," alinong'ona bila kuinua uso. "Zimebaki kurasa sitini."

"Yuko wapi, Domina?"

"Humu. Changu kinaanza akiwa tayari yumo ndani. Huko mmemjeruhi, kaingia kwangu kupumzika."

Chini ya kitanda, kitu kilivuta pumzi.

Urbani alitaka kumpokonya kitabu. Alipokigusa, Domina alipiga yowe na damu ikamtoka puani na masikioni, Urbani akamwachia. Kwa hiyo alipanda bodaboda, mkono wake umefungwa kwa leso, akaenda Lizaboni kumchukua Bi Zuhura, mama wa Kiyao aliyehamia kutoka Nakapanya, ambaye watu wa mtaa ule, Waislamu na Wakatoliki, walimwendea wakishindwa na hospitali. Ekaristia alibaki ameshika bega la mdogo wake, akihesabu kurasa zikigeuka. Hamsini. Arobaini na mbili. Thelathini na tano.

"Shikamoo, bibi," alisema Ekaristia, Bi Zuhura alipoinama kuingia.

"Marahaba. Nani alikata huu mshono?"

"Mimi."

Bi Zuhura hakumgombeza. Alikaa kwenye kigoda cha cherehani, akaongea haraka na kwa sauti ya chini. "Hiki hakikuwa kitabu, mwanangu. Kilikuwa gereza. Jini huyu ana njaa ndefu, na aliyemshinda alimfunga kwenye maneno mengi, mengi kuliko mtu anavyoweza kuyamaliza upesi, ili atembee humo miaka na miaka asifike. Anatembea na macho ya msomaji. Msomaji akichoka, naye anasimama. Wewe umemkatia njia fupi. Amepewa miguu mitatu kwa mpigo, na mguu wa mwisho uko hapa. Mdogo wako akifika mwisho, yeye hamhitaji tena. Atamkausha, kisha atatoka mzima, na mji huu hauna ukuta."

"Tufanye nini?"

"Ulichokata, shona. Wewe, si mwingine. Mafundo saba. Mimi nitasoma, mumeo atapigana."

Vipande viwili Ekaristia alikuwa navyo. Uzi mwekundu ulikuwepo kwenye kopo la Domina, na shazia ya kushonea magunia ilichomekwa ukutani. Alipiga magoti mbele ya mdogo wake, akalaza vile viwili juu ya mapaja yake, akauvuta mgongo wa kipande cha tatu ukutane navyo, huku Domina akiendelea kusoma upande wa pili, sasa kwa sauti. Bi Zuhura alianza Ayat al-Kursi. Ekaristia akachoma shazia.

Kitanda kilipinduka.

Yaliyofuata hakuyasimulia hata siku moja yakiwa yamenyooka, kwa sababu aliyaona kwa pembe ya jicho tu: kile kirefu kikiinuka hadi kichwa kikigusa bati, bega limeshajifunga, na Urbani akikipiga kwa tezo usoni, na taya likining'inia, na bado kikija, kikimkanyaga Urbani kifuani hadi mbavu zikalia kama kuni kavu, kikamshika Bi Zuhura kwa nywele na kumng'ata sikio likatoka lote, naye akiwa anavuja damu anaendelea na aya, haruki hata neno, na Ekaristia anafunga fundo la tatu, la nne, na kile kinainama juu yake sasa, pumzi yake ina baridi ya kisima, kinamchoma kucha mgongoni kati ya mbavu, na fundo la tano, na shazia inateleza kwa damu inapita katikati ya kiganja chake inatokea upande wa pili, na hana muda wa kuitoa kwa hiyo anaivuta ipite, uzi mwekundu ukipita ndani ya nyama yake mwenyewe, na Domina anasoma, zimebaki kurasa mbili, na Urbani kutoka sakafuni anaburuta mwili wake na kumziba Domina mdomo na macho kwa mkono wake mmoja mzima, naye Domina anaung'ata mkono huo hadi mfupani, na Urbani hauondoi, na fundo la sita, na la saba.

Kile kirefu kilikatika katikati ya hatua. Kilivutwa kuanzia miguuni, mstari kwa mstari, kikaingia kitabuni kama maji ya kuogea yanavyoingia shimoni. Kisha ikabaki mvua.

Domina aliangukia upande, akalia kwa sauti ya kawaida ya mtu mgonjwa. "Dada, nina kiu," alisema. Ekaristia alimkumbatia na kitabu kikiwa bado kimeshonwa kwenye kiganja chake.

Asubuhi yake Domina alikuwa wodini, ametundikiwa chupa ya pili ya damu, na madaktari walisema ataishi. Bi Zuhura, kichwa kimefungwa bandeji, alikaa na Ekaristia kwenye baraza la hospitali, kitabu kikiwa katikati yao ndani ya mfuko wa sandarusi.

"Kabla sijakizika, hesabu kurasa," alisema. "Zote. Wewe ni mwalimu."

Ekaristia alihesabu kwa mkono wake mmoja mzima, taratibu, kama anayesahihisha mitihani. Katika kipande cha pili alisimama. Baada ya ukurasa wa mia sita na kumi ulikuja mia sita na kumi na tatu. Karatasi moja ilikuwa imebaki nje ya mshono.

Alimpigia simu Leticia.

"Samahani, Mwalimu," Leticia alisema kwa sauti iliyokauka kwa kilio. "Asubuhi ile ya jana madaftari ya kufungia karanga yaliniishia. Karatasi moja ya kitabu chenu ilikuwa imelegea. Beda alinisema sana. Nilishafungia."

"Ulimpa nani?"

"Si shemeji Urbani? Alipita akaweka mfukoni, akasema atakula akipata nafasi."

Ekaristia hakukata simu. Alikimbia.

Urbani, aliyekataa kulazwa, alikuwa karakanani akimalizia jeneza la rafiki yake kwa mkono mmoja, kifua kimezungushiwa bandeji. Tangu alfajiri waombolezaji walikuwa wakipita kuleta pole, kila mmoja akisema hodi, na kila mmoja amemjibu. Sasa gundi ilikuwa inakauka na hakuwa na la kufanya. Ekaristia alipofika kwenye kona ya barabara alimwona kupitia mlango ulio wazi, amempa mgongo, anatafuna karanga. Karatasi aliikunjua juu ya kifuniko cha jeneza, akainyoosha vizuri kwa kiganja, na kichwa chake kilikuwa kinasogea taratibu, kutoka kushoto kwenda kulia.

Mbwa wa mtaa walikuwa wamekaa kando ya barabara, kimya.

Ekaristia alifungua mdomo kuita, na pumzi haikutosha. Upande wa pili wa karakana, kwenye mlango wa nyuma asioweza kuuona, sauti ya Mwalimu Beda ilisema hodi, kwa upole, kama alivyosema kila siku kwa miaka kumi na minne.

"Karibu," alijibu Urbani, bila kuinua kichwa.