Brandi Iliyozuiliwa Lodwar

Sakafu ya chumba cha nyuma ilikuwa imelowa. Chepkemoi alidhani mtungi umevuja, lakini mtungi ulikuwa mzima, na Lodwar haikuwa imeona mvua mwaka mzima. Akachovya kidole, akaonja. Chumvi.

Ilikuwa 1974. Yeye na mumewe, Barasa, walikuwa wametoka Kitale, mwana wao Shadrack wakamwacha huko kwenye shule ya bweni, wakakodi jengo hili kuukuu la mawe ili wafungue baa. Chumba cha nyuma kilijaa makreti ya brandi yaliyofungwa kwa lakiri ya madini ya risasi tangu enzi za wakoloni. Jana yake Barasa alikuwa ameikata lakiri moja, akafungua chupa na kunywa huku akicheka.

"Baba Shadrack, huku nyuma kunanuka samaki," Chepkemoi alimwambia.

"Ni upepo wa ziwani huo."

Adhuhuri Barasa, aliyekuwa ameketi chumba cha nyuma, aliinuka aende sokoni. Mguu wake ulivuka kizingiti, ukatua ndani ya chumba kile kile. Akarudia. Akajaribu dirisha, akajikuta ameanguka kwenye sakafu ile ile iliyolowa.

"Kuna mtu hapo mlangoni," alinong'ona. "Ananiuliza leseni."

Chepkemoi hakuona mtu. Yeye alitoka bila kuzuiliwa, akakimbia kwa jirani yao Lomenen, ambaye zamani alikuwa askari wa DC, mkuu wa wilaya wa kikoloni.

Lomenen alimsikiliza, kisha akasogeza kigoda karibu. "Mulikata ile risasi?"

"Tuliikata."

"Hiyo pombe ilikuja na meli, mama. Sheria ya wazungu ilisema pombe kali haitoki Mombasa bila leseni, na huku haiuzwi bila leseni ingine. Mzungu wa duka alileta mzigo kwanza, akasema leseni iko njiani. Haikufika. DC akafunga, mimi nikawekwa kulinda, mpaka huyo mzungu mwenyewe akafa." Akashusha sauti. "Kuna kitu ilikuja na huo mzigo. Tulikuwa tunaisikia ikitembea ndani. Ilikuwa inangoja tu, kama sisi."

"Na sasa?"

"Sasa bwana yako amekunywa. Yeye pia ni mzigo."

Chepkemoi alipanda lori la mahindi hadi Kakuma kumtafuta Akidor, mama aliyesifika kwa kufukuza pepo. Akidor alikuwa akikamua mbuzi. Alimsikiliza bila kusimamisha mikono, akamfunga kamba mbuzi mweusi, wakarudi pamoja.

Walimkuta Barasa ameegemea ukuta, midomo imepasuka, na kila alipopewa maji ya kunywa aliyatema yakiwa machungu ya chumvi. Akidor alimchinja mbuzi kizingitini, na damu, badala ya kuteremka uani kulikokuwa na mteremko, ilipanda polepole ikaingia ndani, ikapita miguuni mwa Barasa, ikaenda kutoweka chini ya makreti, na harufu ya bahari ikawajaa puani hadi Akidor akakohoa na kurudi nyuma.

"Hii si *ekipe*," alisema. "Pepo ya kwetu najua kufukuza. Hii imetoka mbali, na inafuata sheria yake. Inataka mwenye mzigo aseme ni wake."

"Mwenyewe alishakufa."

"Basi bwana yako atakauka hapo ndani. Na wewe usidanganye. Ukisema uwongo, itakushika."

Chepkemoi alimtazama mumewe, aliyekuwa akitikisa kichwa kumkataza kwa kuwa sauti ilikuwa imemtoka kabisa, akaingia, akaipita damu, akageuka na kusimama pale mlangoni ambapo hakuona mtu ila alihisi baridi ya kitu kilichokaa majini miaka mingi kikimpumulia usoni.

"Mzigo ni wangu," alisema. "Leseni ninayo mimi."

Barasa alitupwa nje kana kwamba amesukumwa, akaanguka uani juu ya mchanga wa moto. Chepkemoi akamfuata. Mguu wake ukatua ndani.

Akidor alikaa siku nyingi akijaribu kila alichokijua, kisha akarudi Kakuma bila kuwaaga. Barasa hakuondoka. Alijenga kibanda cha matawi ya mkoma dhidi ya ukuta, akawa anampitishia mkewe chakula dirishani, naye Chepkemoi, tofauti na Barasa alipokuwa ndani, aliweza kula na kunywa.

Alasiri moja ya joto kali, hali hakuna hata mbuzi anayetembea, mkono ulitokeza dirishani, pale mkewe alipozoea kupokea chakula. Barasa akaushika. Ulikuwa wa baridi, akauweka shavuni, akamweleza kwamba Shadrack amefaulu mtihani, na kwamba atapata mtu wa pwani anayeyajua mambo haya. Vidole vikambana taratibu.

Kisha, kutoka mwisho kabisa wa chumba cha nyuma, sauti ya Chepkemoi ikauliza kwa usingizi:

"Baba Shadrack, unaongea na nani?"