Ukungu Kwenye Kigogo cha Bosi

Kinyozi alikuwa na wateja wengi, na baadhi yao walikuja kumtazama Bosi tu. Bosi alikuwa mjusi wa kufugwa, mwenye kidevu cha miiba. Aliishi katika sanduku la kioo karibu na dirisha. Kutwa alilala juu ya kigogo chake, macho nusu wazi, kama msimamizi wa kazi.

Bosi hakuwa wa kinyozi. Alikuwa wa shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyekwenda masomoni kwa miezi mitatu.

"Shemeji, huyu ni roho yangu," alimwambia siku ya kuondoka. "Nakuachia wewe."

Kinyozi alimtunza kwa moyo wote. Kila aliponyunyizia maji kichwa cha mteja, alimnyunyizia na Bosi. Kisha akaona nywele zinaingia kwenye sanduku. Akaziba matundu yote ya mfuniko kwa nailoni.

Siku kumi kabla shemeji hajarudi, mke wa kinyozi alitoka chumba cha pili, alikokuwa akishona. Akaziba pua.

"Baba watoto, hapa pananuka kama godoro lililolowa!"

Walichungulia ndani ya sanduku. Kigogo kilikuwa kimeota manyoya meupe kama pamba.

"Kumbe hata mbao huota mvi!" mteja mmoja alisema. Watu wakacheka.

Kinyozi hakucheka. Bosi alikuwa hajala kwa siku mbili, na sasa alikuwa akikoroma. Kinyozi akanyakua chupa ya spiriti.

"Nikipuliza hii, yote yatakwisha."

Mkewe akamshika mkono. "Na Bosi naye atakwisha! Haraka haraka haina baraka. Mpigie simu daktari wa mifugo."

Daktari alifika mchana, mwanamke mchangamfu mwenye begi kubwa. Alimtoa Bosi, akamsikiliza kifua.

"Anaumwa, lakini atapona. Nitampa dawa. Mwekeni kwenye boksi safi lenye hewa na joto. Haya, nani amekuwa akimwogesha huyu?"

Kinyozi akainamisha kichwa. "Mimi, Daktari. Nilidhani ana kiu."

"Huyu ni mjusi wa nchi kavu. Anatosheka na kisahani cha maji. Ukungu unapenda vitu viwili: unyevu na hewa iliyofungiwa. Wewe umeupa vyote viwili, tena bure."

"Basi tukitupe kigogo?" mke aliuliza.

Daktari alikibonyeza kwa kidole gumba. "Kingekuwa laini, kimeoza, ningesema kitupeni. Hiki bado kigumu. Kipelekeni nje, mzibe pua na mdomo, maana vumbi la ukungu ni baya hata kwa watu. Kisugueni kwa brashi na maji ya moto, bila sabuni. Halafu kichemsheni nusu saa."

"Kwenye sufuria yangu?" mke alishtuka.

"Tafuta kuukuu, ambayo hutapikia tena. Kisha kianikeni juani hadi kikauke kabisa. Siku mbili tatu, msikihurumie. Mchanga wa ndani wote mwageni. Sanduku lioshwe, likaushwe. Na ile nailoni itoke leo hii!"

Walifanya kama walivyoambiwa. Kigogo kilipochemka uani, jirani aliuliza wanapika nini. "Supu ya mbao," mke alijibu. "Karibu!"

Siku ya nne kigogo kilikuwa kikavu, hakinuki. Kinyozi aliweka wavu mwembamba juu ya matundu, hewa ipite na nywele zisiingie. Kila jioni aliondoa mabaki ya chakula na kinyesi. Bosi akaacha kukoroma, akarudi kwenye kigogo chake.

Shemeji alipowasili, kinyozi hakusubiri hata atue mzigo.

"Shemeji, nusura nimuue Bosi kwa wema wangu." Akamweleza kila kitu.

Shemeji aliweka mzigo chini. Akaenda kwenye sanduku. Ndani, panzi alikuwa akitambaa. Bosi alifungua jicho moja, akaruka, akamtafuna kraa-kraa!

Shemeji akaangua kicheko. "Anakula vizuri kuliko nilivyomwacha! Shemeji, mimi nimeshatupa vigogo vinne kwa ukungu. Sikujua kama vinachemshwa. Hebu nieleze tangu mwanzo."

Kinyozi akamvutia kiti, akaanza kumfundisha. Mteja aliyekuwa amenyolewa upande mmoja tu wa kichwa akageuka, akasikiliza.

"Endelea, bwana," alisema. "Mimi nyumbani nina kobe."