Cherehani Ilipohamia Barazani

Cherehani ya fundi ilikaa chumbani, karibu na dirisha, penye mwanga mzuri. Hapo ndipo alipopatia riziki yake. Alishona magauni, mashati, suruali, na kila kilichoraruka mtaani. Mumewe alikuwa dereva wa lori. Alifika nyumbani Jumamosi, akaondoka Jumapili. Siku nyingine zote waliongea kwa simu tu.

Walikuwa na watoto wawili. Binti yao wa miaka tisa alisema tangu anapofumbua macho mpaka anapoyafumba. Wakambandika jina la Chiriku. Mdogo wake, wa miaka mitano, alikuwa mwembamba kama uzi. Ndiyo maana wakamwita Bonge.

Shule zilipokuwa wazi, mambo yalikwenda. Kisha zikafungwa. Ikaanza likizo ndefu ya msimu wa joto. Fundi aliiogopa barabara, kwa sababu pikipiki zilipita pale nje kama zimeibiwa. Basi kila asubuhi alifunga mlango, akawawashia watoto televisheni, akaketi kwenye cherehani.

"Mama, Bonge ananitazama!"

"Kutazama si kosa, Chiriku. Tulia."

"Ananitazama vibaya!"

"Mama, njaa!"

"Umekula sasa hivi, Bonge."

"Ile ilikuwa njaa nyingine."

Jumatatu moja fundi alikuwa akikata suruali ya mteja, kitambaa kizuri cha kijivu. Kukata suruali kunataka kichwa kilichotulia. Ukishakata mguu wa kwanza, unageuza kielelezo cha karatasi upande wa pili, ndipo unakata mguu wa pili. Usipokigeuza, umekwisha.

Mkasi ulikuwa mkononi pale Chiriku alipopiga ukelele. Bonge alikuwa amemng'ata. Fundi aliruka, akawaamua, akawagombeza wote wawili. Aliporudi mezani, kichwa kilikuwa kinamgonga. Akakata. Kisha akavipanga vile vipande, akaduwaa.

Alikuwa amekata miguu miwili ya kushoto.

Jioni mumewe alipopiga simu, fundi alimweleza yote. Mume akasema, "Mama Chiriku, Jumamosi napita na lori. Waandalie nguo zao. Nitawapeleka kwa dada yangu mpaka shule zifunguliwe."

"Tena? Mbali kote huko?"

"Sasa tufanye nini? Wewe kazi haiendi, wao hawana raha. Watakaa humo ndani wakitafunana mpaka lini?"

Fundi alikosa la kujibu. Mwaka uliopita watoto walikwenda huko huko. Shangazi yao aliwatunza vizuri, hana lawama. Lakini Bonge aliporudi, alisimama mlangoni akamwonea mama yake haya. Siku kadhaa alimwita "shangazi". Watu walicheka, na fundi akacheka nao. Kisha akaenda uani kujifuta machozi.

Kesho yake asubuhi watoto walianza tena vita vyao. Mara mlango ukagongwa.

"Hodi jirani! Humu kuna msiba au kuna vita?"

Alikuwa mwalimu wa chekechea, aliyekaa nyumba ya pili. Alitembea na filimbi shingoni hata akienda kununua chumvi, kwa hiyo mtaa mzima ulimwita Mwalimu Filimbi.

"Karibu, Mwalimu. Vita viko sebuleni. Msiba uko hapa mezani," fundi alisema, akamwonesha ile suruali.

Mwalimu akaitazama, akaigeuza. "Mama Chiriku! Huyu mteja wako atatembea akizunguka."

"Usinichekeshe, mwenzio nalia."

Lakini wakacheka, mpaka fundi akalazimika kukaa. Kisha akamweleza habari ya lori na ya Jumamosi.

Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. "Watoto wako si wakorofi," akasema. "Wamekosa la kufanya. Wakikaa mbele ya televisheni kutwa, mwili hauchoki na akili haipati kazi. Nguvu zote wanazimalizia wao kwa wao."

"Najua. Lakini kila mahali pa kuwachezesha ni kiingilio. Kuogelea kiingilio, kupanda farasi wa plastiki kiingilio. Pesa nitazipata wapi?"

"Nani kasema kiingilio? Lile gunia pale lina nini?"

"Takataka. Vipande vya vitambaa. Nasubiri gari la taka."

"Takataka!" Mwalimu alishika kiuno. "Mimi wazazi wa shuleni nawapigia magoti waniletee vitu kama hivyo. Lete hapa!"

Wakalimwaga gunia sakafuni. Watoto wakaacha televisheni wenyewe, hakuna aliyewaita. Mwalimu akawafundisha kuviringa mpira wa vitambaa na kuufunga kwa kamba. Akawaonesha kumtengeneza mtu kwa soksi kuukuu na vifungo. Ile miguu miwili ya kushoto fundi aliishona pamoja, akaitia mdomo, wakaijaza vipande, ikawa mamba mwenye mikia miwili. Bonge alimkumbatia siku nzima.

Fundi alipata moyo. Mchana ule ule, Mwalimu aliporudi kwake, naye akabuni la kwake. Aliweka beseni la maji uani, nyuma ya nyumba, akawapa vifuniko vya chupa viwe mashua. Kisha akarudi chumbani kushona.

Haukupita muda, filimbi ikalia. Ililia kwa nguvu, mara moja tu.

Fundi alitoka mbio, futi ya kupimia nguo ikimning'inia shingoni. Chiriku alikuwa ameingia ndani kunywa maji. Bonge alikuwa peke yake. Mwalimu alikuwa amemshika kiuno. Mtoto alikuwa ameinamia beseni kuokota kifuniko kilichozama, na nywele zake za mbele zilikuwa zimelowa.

"Yuko salama," Mwalimu akasema upesi. "Nilichungulia ukutani nikamwona ameinama, nikaruka."

Fundi alimchukua mwanawe, akambana kifuani.

"Nisikilize, jirani, sikugombezi," Mwalimu akasema kwa upole. "Maji kidogo tu yanaweza kumzamisha mtoto mdogo. Na mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Kwa hiyo akiwa kwenye maji, mtu mzima awe pale pale, anamwona, mkono unamfikia. Chiriku naye ni mtoto, usimwachie kazi hiyo. Mkimaliza kucheza, mwaga maji, pindua beseni."

"Nimesikia, Mwalimu."

"Tena jua la saa hizi ni kali. Maji na mbio ni vya asubuhi au jioni. Mchana wakae kivulini na michezo ya kutulia. Wape maji ya kunywa mara kwa mara, hata kama hawajalalamika kiu."

Fundi akaketi kwenye ngazi, akashika tama. "Basi Jumamosi waende tu. Siwezi kuwa chumbani na uani kwa wakati mmoja."

"Kweli huwezi. Lakini nani amekuapisha ukae chumbani?"

Fundi aliinua kichwa.

"Cherehani yako ni ya kukanyaga," Mwalimu akaendelea. "Haidai umeme. Na una baraza lenye kivuli, na kiwanja chenye geti."

Miaka yote ile fundi hakuwahi kuwaza kuihamisha. Aliiweka pale dirishani alipoanza kazi, na pale ikakaa. Sasa wakaishika, Mwalimu huku, fundi kule, Chiriku akiwaelekeza kwa maneno mengi. Wakaitua barazani, ikitazama kiwanja. Geti likafungwa kwa komeo. Sindano, pini na mikasi vikawekwa kwenye mkebe wenye kifuniko, juu ambako Bonge hafiki.

"Na la mwisho," Mwalimu alisema akijifuta jasho. "Asubuhi, kabla hujakanyaga cherehani, cheza nao kwanza. Usishike mkasi wala simu. Wakishakupata asubuhi, hawatakuvuta nguo mchana kutwa."

Ndivyo fundi alivyofanya. Asubuhi ilikuwa ya kukimbia na mpira wa vitambaa, na fundi mwenyewe akawa golikipa. Alifungwa ovyo. Wakicheza maji, aliketi kando yao, na shughuli yake ilikuwa hiyo tu. Jua lilipopanda, watoto walihamia barazani. Chiriku alifungua duka la ushonaji, na Bonge akawa mteja mwenye kiburi. Walipimana kwa futi kuukuu, na Bonge akaanza kuzitambua tarakimu bila mtu kumwambia kwamba anasoma.

Si kwamba kila saa ilikuwa tamu. "Mama, nimechoka, hakuna cha kucheza," Chiriku alilalama mara nyingi. Zamani fundi angewasha televisheni haraka. Sasa alijibu, "Pole, mama. Hebu fikiri," akaendelea kushona. Chiriku alinuna. Kisha akabuni.

Siku moja Mwalimu alikuja na mwanawe, wakaenda wote maktaba ya umma. Hapakuwa na kiingilio. Feni zilizunguka juu, na vitabu vya watoto vilipangwa chini, mahali ambapo hata Bonge alifika. Chiriku alifungua kimoja, akanyamaza. Alinyamaza muda mrefu. Fundi akamnong'oneza Mwalimu, "Mguse kidogo. Mzima huyo?"

Kinyozi aliyekaa jirani aliposikia habari hizo, naye akajiunga, maana alikuwa na mapacha wanaompanda kichwani. Wakapeana zamu za kuwaangalia watoto. Asubuhi moja kinyozi alikaa na watoto wote barazani kwake. Fundi akatandaza kitambaa kipya alichokinunua kufidia kile kilichoharibika. Akageuza kielelezo. Akakata mguu wa kulia na mguu wa kushoto, huku akiimba.

Jumamosi ikafika. Honi ya lori ikalia nje.

Mumewe aliingia, akatazama huku na huku. "Nguo zao ziko wapi?"

"Kwenye kamba. Hazijakauka."

"Si tulikubaliana?"

"Wewe ulikubali, Baba Chiriku. Mimi nilinyamaza." Alimshika mkono. "Nakuomba kitu kimoja. Kaa nasi leo, uone mwenyewe. Jioni ukisema waende, nitawaandalia."

Mume akaketi. Alikuwa amechoka. Aliitazama cherehani barazani kama mtu anayemwona mgeni kwenye kiti chake. Lakini jua lilipolegea, Chiriku akamletea mpira.

"Baba, timu yetu imepungukiwa. Unajua kucheza?"

"Mimi? Muulize mama yako nilivyokuwa!"

Alipiga teke la kwanza. Kandambili ikaruka, ikapita juu ya vichwa, ikatua kwenye bati. Mpira ulibaki pale pale. Bonge alicheka mpaka akalala chini. Mwalimu Filimbi, aliyekuwa akichungulia ukutani, akapuliza filimbi na kupaza sauti, "Goli limekataliwa!"

Walicheza mpaka giza likaanza kuingia. Mume akajitupa barazani, mguu mmoja pekupeku, Bonge amelala juu ya tumbo lake.

"Nikipiga simu huwa nasikia vilio tu," alisema taratibu. "Sikujua kama wanacheka hivi. Nitamwambia dada aje yeye huku. Hawa wanakaa."

 Fundi aliinuka, akaenda ukutani kwa jirani yake.

"Mwalimu, sijui nikushukuru vipi. Umenirudishia watoto wangu."

"Wala hawakupotea, jirani. Walikuwa chumba cha pili tu."

"Hata hivyo. Ahsante. Ahsante sana."

Jumapili lori liliondoka, na kiti cha abiria kilikuwa kitupu. Watoto walipunga mikono hadi likakata kona.

Kesho yake jioni simu ikaita.

"Mama Chiriku, hamjambo? Sikiliza, niko gereji huku njiani. Kuna tairi kuukuu wanataka kulitupa. Nimeliomba, wamenipa bure, limo ndani ya lori. Sasa najiuliza, hawa watoto wanaweza kulifanyia nini?"

Chiriku na Bonge walikuwa wamebana masikio kwenye simu. Wakarukaruka, kila mmoja akisema lake, hakuna linalosikika. Fundi aliutazama mti imara uliokuwa karibu na geti, kisha akawatazama wanawe, macho yakamlenga machozi ya furaha.

"Waambie wakupe na kamba nene," alisema.