Ibada ni Kesho

Mnada wa Same ulikuwa umefurika Jumatatu ile. Ng'ombe walilia, madalali walivutana bei, na vumbi lilipanda hadi kwenye mabango ya maduka. Ummy alisimama nyuma ya meza yake ya dawa za mifugo, baibui jeusi na mtandio wa zambarau, akiwahudumia wateja watatu kwa mpigo. Kijana mrefu aliyetupia shuka nyekundu juu ya jinzi akaokota chupa ya dawa ya minyoo, akaigeuzageuza.

"Hiyo ya mbuzi, kaka," Ummy alimwambia. "Vijiko viwili asubuhi. Nikuwekee alama chupani usije ukasahau?"

Kijana akayasoma maandishi ya chupa toka juu mpaka chini, kwa Kiingereza, jina la kemikali na yote. Kisha akairudisha mezani taratibu. "Hapa wanasema inategemea uzito. Kwa vijiko viwili utamzika mtoto wa mbuzi, dada."

Uso wa Ummy ukapata moto. "Kumbe umesomea."

"Mifugo, miaka mitatu. Nachanja ng'ombe huko tambarare."

"Si ungesema mapema?"

"Ningesema mapema ningekosa somo la vijiko viwili."

Ummy alicheka mpaka mteja mmoja akaondoka kwa hasira. Kijana aliitwa Moringe. Kabla ya adhuhuri alikuwa ameirudia meza ile mara tatu, na mbuzi hakuwa naye hata mmoja.

Baada ya hapo ikawa simu. Asubuhi, mchana, jioni.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula maziwa."

"Maziwa hayaliwi, hunywewa."

"Kwetu yanaliwa. Utazoea tu."

Ummy alitaka kuzoea. Lakini baba yake, mzee Muhidin, alikuwa muadhini wa msikiti kijijini kwao, upande wa Bendera, na alisema neno moja tu: kijana asilimu kwanza. Baba yake Moringe, mwinjilisti, naye alisema binti abatizwe kwanza. Wapenzi walizunguka na jambo hilo mwaka mzima, mwisho wakaamua kufunga ndoa ya serikali, kwa mkuu wa wilaya, kila mtu abaki na dini yake. Aliyewaunga mkono ni Nashilu peke yake, mdogo wake Moringe, msichana mwenye kicheko kikubwa aliyekuwa akimwita Ummy "wifi" hata mbele za watu.

Mwaka ule mvua za vuli hazikunyesha. Majani ya tambarare yakaisha, na ng'ombe wakaingia mashambani. Walilala ndani ya mahindi ya Kassimu, kaka yake Ummy, mahindi aliyoyamwagilia kwa ndoo. Kassimu alipokwenda kuwafukuza alipigwa rungu, mkono ukavunjika mahali pawili. Aliyempiga alikuwa binamu yake Moringe.

Siku mbili baadaye sauti ya mtu ambaye hakuna aliyemfahamu ikaanza kuzunguka WhatsApp. Ilisema makafiri wanalisha ng'ombe jasho la Waislamu makusudi, na kwamba anayenyamaza hana imani. Huko kwa wafugaji nako kulikuwa na sauti yao, ikisema Waislamu wameapa kuwafukuza Wakristo wilaya nzima. Ijumaa, baada ya swala, vijana waliisikiliza ile ya kwanza wakiwa wamekaa barazani pa msikiti, simu ikiwa na sauti ya juu.

Jumamosi saa nne Kassimu akampigia Ummy pale Same.

"Huyo mchumba wako leo yuko kanisani kwao?"

"Leo? Hakuna mtu kule, ibada ni kesho. Mkono unaendeleaje?"

"Unapoa," alisema Kassimu, akakata.

Ummy akaendelea kupanga chupa zake.

Kanisa la wafugaji lilikuwa banda la mabati lenye nguzo za miti, nje kidogo ya kijiji. Vijana wanne walilimwagia petroli saa sita mchana, wakapiga takbiri, wakawasha. Ndani alikuwamo Nashilu. Siku ya pili yake kulikuwa na ubatizo, na alikuwa ameingia kupiga deki. Alitoka akiwa anaungua. Kassimu ndiye aliyemfunika kwa shati lake kwa mkono mmoja mzima, akilia, na wenzake wakiwa wameshakimbia. Nashilu aliishi siku tatu hospitalini Moshi.

Moringe alipiga simu baada ya maziko. Sauti ilikuwa kavu.

"Nataka kukuuliza kitu kimoja. Ulijua?"

"Sikujua wanachotaka kufanya." Ummy alikaa chini, sakafuni. "Lakini aliniuliza kama kuna mtu. Nikamwambia hakuna."

"Ungeweza kunificha hilo," alisema Moringe.

"Ningeweza."

"Afadhali ungenificha." Akakata, na namba yake haikupatikana tena.

Ummy alipanda gari kwenda nyumbani. Polisi walikuwa wameshapita kijijini, na hakuna aliyeona chochote. Kassimu alikuwa amelala chumbani, kifudifudi, hasemi na mtu. Mzee Muhidin alikuwa barazani, kofia magotini.

"Shikamoo, baba. Nakwenda polisi."

"Marahaba. Huyo ni ndugu yako, Ummy. Tumbo moja."

"Na Nashilu je?"

"Mungu amrehemu. Lakini dini haikuchoma kanisa, mwanangu. Dini yetu hairuhusu hata kukata mti wa mtu. Walichoma wahuni."

"Wahuni hao walikaa pale barazani Ijumaa, baba. Wewe ulikuwepo?"

Mzee aliivaa kofia yake. Alisema tu, "Ukishakwenda, usirudi hapa."

Ummy alikwenda. Aliandikisha maelezo, pamoja na maneno yake mwenyewe ya kwenye simu. Kassimu alipokamatwa hakukana kitu. Aliwataja na wenzake watatu. Kesi ilichukua zaidi ya mwaka, na walifungwa miaka kumi na miwili kila mmoja. Aliyemvunja Kassimu mkono alilipa faini akarudi kwenye ng'ombe wake.

Meza ya mnadani ilikufa, kwa kuwa Waislamu walimwita msaliti na wafugaji hawakumtazama usoni. Ummy akahamia Ugweno kwa shangazi yake Salama, akawa anachuma kahawa.

Huko ndiko Moringe alikomkuta, ametelemka kwenye bodaboda, ana vumbi mpaka kwenye kope. Alikuwa amekonda. Salama alimpa kiti, akawaacha.

"Nimejaribu kukuchukia," alisema Moringe. "Nikawa nawachukia wote, misikiti na makanisa. Nikamwuliza baba, dini ina faida gani? Akaniambia ng'ombe walikuwa na njaa tu, hayo mengine ya dini waliyaongeza watu. Nikamjibu, mbona tuliyapokea upesi hivyo?"

"Akasemaje?"

"Alilia." Alitazama mikono yake. "Bado nakutaka, Ummy. Lakini nikwambie ukweli kabla hujajibu. Mama hawezi kukuona. Na gerezani kwa kaka yako sitakwenda, usije ukaniomba."

"Mimi nitakwenda kila mwezi."

"Nenda."

"Na nitaswali nyumbani kwako."

"Swali." Kisha, kwa mara ya kwanza, akatabasamu kidogo. "Bado unatoa vijiko viwili?"

Ummy akaanza kulia, na Moringe akasogeza kiti.

Walifunga ndoa Same, ofisini kwa mkuu wa wilaya, mashahidi wao wakiwa Salama na mlinzi wa getini. Hapakuwa na ngoma wala pilau. Walikuwa bado kwenye ngazi za ofisi wakati simu ya Ummy ilipoita. Alikuwa baba yake, ambaye hawakuwa wamesemezana naye tangu siku ile ya barazani.

"Salama ameniambia. Mumeo yupo hapo?" alisema mzee Muhidin. "Mpe simu."

Ummy aliweka sauti ya juu, akamshikisha Moringe.

"Kijana," ilisema sauti ya mzee, "Ijumaa ile nilikuwa nimesimama mlangoni mwa msikiti. Niliisikia ile sauti ya kwenye simu yao tangu mwanzo mpaka mwisho. Watoto wale wananisikiliza, mimi ndiye ninayewaamsha alfajiri. Sikuwaambia wazime. Nilitaka ulijue hilo kutoka kwangu. Pole kwa dada yako."

Moringe alitazama magari ya barabara kuu. Mzee hakukata.

"Shikamoo, mzee," Moringe alisema mwishowe.