Dakika za Jini Angani

Wengine huenda uwanja wa ndege wa Dar es Salaam na mikoba. Majaliwa, jioni ile ya mwaka 1953, alikwenda na jini.

Abiria walipimwa kama magunia ya korosho, maana ndege yenyewe ilikuwa ndogo. Alipopanda mizani, karani alikunja uso.

"Shikamoo mzee. Umeficha nini? Mwembamba hivyo, ratili mia mbili na ishirini?"

"Marahaba. Ubwabwa wa mke wangu huo, mwanangu."

Karani alicheka. Majaliwa hakucheka. Shingoni alihisi ubaridi... na harufu ya udi uliolowa.

Jini lilikuwa la Unguja. Majaliwa alikuja nalo mwenyewe bila kujua, katika safari aliyojitapia kijiji kizima cha Makurunge, likampanda bintiye Tabia. Siku tisa msichana hakula wala hakufumbua macho. Asubuhi ile mganga, Bi Biubwa, alipolifukizia, lilisema kwa kinywa cha Tabia, sauti ya kizee:

"Nirudisheni kwetu. Kwa ndege ni muda gani?"

Mwenye akili angenyamaza. Lakini Majaliwa alikuwa mpishi wa meli, kafika hadi Bombay, na tangu azaliwe hajaulizwa habari za safari akanyamaza.

"Maili arobaini na tano! Dakika ishirini na tano, uwanja kwa uwanja!"

"Basi nahamia kwako. Chini nitakuvumilia. Angani, dakika hizo tu. Zikizidi namrudia binti, na safari hii haamki."

Bi Biubwa alimtandika kofi la mgongo. "Si ungesema saa nzima, bwege wewe!"

Ndege iliruka. Majaliwa akaikodolea macho saa yake.

Dakika kumi. Maji matupu.

Dakika ishirini. Mapaa ya Unguja yakachomoza... mvua ikayafuta. Ndege ikainama ubavu, ikaanza kuzunguka.

"Tunangoja ipite," alisema rubani.

Ishirini na tatu.

"Tumefika," Majaliwa alinong'ona. "Unguja hiyo hapo chini."

"Hatujakanyaga." Sauti ilitoka kooni mwake mwenyewe.

Ishirini na nne. Ubaridi ukaanza kubanduka shingoni, taratibu, kama mtu anayeinuka kitini.

"Usiende! Ana miaka kumi na minne tu. Nakuomba... kaa kwangu."

"Mpaka lini?"

Ndege ikazunguka tena.

"Mpaka nife."

Ubaridi ukakaa.

Walitua dakika ya thelathini na nne. Kesho yake ikaja simu ya maandishi: TABIA MZIMA AMEKUNYWA UJI RUDI. Majaliwa alilia pale posta mbele za watu, bila haya.

Hakurudi; ubaridi bado ulikuwa shingoni. Mwaka wa pili huu anakaanga mihogo sokoni Darajani, hapo Unguja, anawachekesha wateja, na usiku halali. Mkewe Dija huandika kila mwezi: mwanao anakuulizia, kuna nini huko? Naye hujibu kwamba kazi zimemzidi.

Maana kila anapofungua barua, macho yakafika kwenye jina la Tabia, kuna kitu kooni humtangulia kusema, kwa upole kabisa:

"Twende."