Minza Afunga Mdomo

Kila Jumamosi Minza Mwandu alikuwa na kazi tatu, na zote alizifanya huku akiimba. Asubuhi aliteka maji. Kisha alifunga debe la mahindi nyuma ya baiskeli ya baba yake, akaisukuma kutoka Magamba hadi mashine ya kusaga mjini Mpanda. Saa nane mchana, unga ukiwa tayari na nywele zake zikiwa nyeupe kwa vumbi la mashine, aliingia kanisani kwa mazoezi ya kwaya ya watoto. Alikuwa darasa la sita, mfupi kuliko wenzake wote, lakini sauti yake ilikuwa nene kuliko ya wavulana. Walimtania kwa hilo. Yeye hakujali hata kidogo.

Mwalimu wa kwaya aliitwa Venant. Kinanda alikijua kwelikweli, hilo asinyimwe. Tatizo lake lilikuwa moja tu: hakuweza kuvumilia ukimya. Padre Felisiani akimaliza mahubiri na kukaa ili watu watafakari, vidole vya Mwalimu Venant vilikuwa vimeshaanza kutembea. Watu wakirudi kwenye mabenchi baada ya Komunyo na kuinamisha vichwa, yeye alikuwa ameshabonyeza kitufe cha mdundo, na kinanda kilikuwa kinadunda. "Kanisa likinyamaza, watu wanadhani kwaya imesahau wimbo," alikuwa akisema. Padre alishamwomba mara kadhaa apunguze. Mwalimu aliitikia vizuri sana, na Jumapili ilipofika aliendelea vilevile.

Ikafika Jumamosi ya mwisho kabla ya sikukuu ya somo wa parokia, mtakatifu msimamizi wake. Kwaya za vigango, makanisa madogo ya parokia, zingekuja, pamoja na wageni kutoka Usevya. Watoto walikuwa wamepewa wimbo wa shukrani baada ya Komunyo, wimbo mpya wa beti tatu, na wimbo wenyewe ulikuwa umewashinda. Ubeti wa kwanza waliumudu. Kwenye ubeti wa pili wavulana walipotea njia, na wasichana wakawafuata hukohuko.

Mwalimu Venant alizima kinanda. Badala ya kugomba, alitabasamu, akatoa flashi mfukoni na kuichomeka kwenye spika mpya. Wimbo uleule ukalipuka, beti zote tatu, bila kosa hata moja. Vijana wa kwaya ya wakubwa walikuwa wameurekodi studio, kisha sauti zao zikapandishwa kwa mashine hadi zikafanana na za watoto.

"Kesho nyie kazi yenu ni kufungua midomo na kucheza," alisema. "Kuimba niachieni mimi na spika. Na baada ya misa, soda kwa kila mtu."

Watoto walishangilia. Minza alinyoosha mkono.

"Mwalimu, kwa hiyo kesho tutakuwa tunamwimbia nani?"

"Tunamwimbia Mungu, Minza. Nani mwingine?"

"Sasa Mungu si atajua kwamba hatuimbi?"

Wenzake waliangua kicheko. Mwalimu hakucheka. "Kwaya nyingi tu zinafanya hivi siku hizi. Unataka tuaibike mbele ya wageni?"

"Afadhali tukosee wenyewe, Mwalimu."

"Sikiliza, wewe mwenye maneno mengi. Asiyefungua mdomo kesho atavua skafu, na kwaya ataisikia akiwa amekaa kwenye mabenchi."

Maneno hayo yalimchoma. Skafu ile ya manjano alikuwa ameipigania miaka miwili, na hakuna kitu alichokipenda duniani kama kusimama na wenzake akiimba. Alirudi nyumbani akisukuma baiskeli kimya, na mama yake, Dorotea, aligundua mara moja.

"Mayu, mwanangu, leo hujaimba tangu uingie. Nani kakukosea?"

Minza alimweleza yote. Mama yake alisikiliza huku akipuliza makaa ya pasi na kunyoosha sare ya kesho.

"Mkubwa anaweza kukosea," alisema mwishoni. "Ukiona ni lazima umkatalie, mkatalie bila kumvunjia heshima. Ila ukishakataa, ubebe yatakayokuja. Usije ukanililia hapa."

"Sitalia," alisema Minza.

Jumapili kanisa lilijaa hadi nje. Baada ya Komunyo, watoto walipanga mistari mbele ya altare, na Minza, kwa ufupi wake, akawekwa mstari wa kwanza katikati. Spika ikanguruma. Watoto wakacheza, wakapanua midomo kwa bidii ambayo hawakuwahi kuionyesha kwenye mazoezi. Minza alisimama wima, mikono imeshuka, mdomo ameufunga.

Rafiki yake Aline, aliyekuwa ubavuni mwake, alimfinya. "Fungua, Minza! Anakuangalia!"

Minza hakufungua. Aliona macho ya Mwalimu yakimtoka juu ya kinanda. Akamwona pia bibi mmoja kwenye benchi la mbele, aliyekuwa ameinama akisali, akijiziba sikio kwa kiganja. Hapo hasira ilimpanda. Walikuwa wamemnyima bibi yule ukimya wake, na badala yake hawakumpa hata wimbo. Vigelegele vilipopigwa mwishoni, Minza aliona aibu kuliko siku zote alizowahi kukosea.

Misa ilipokwisha, Mwalimu Venant alimngoja nyuma ya kanisa, kwaya yote ikiwapo.

"Lete skafu."

Minza aliifungua shingoni, akaikunja vizuri na kumpa kwa mikono miwili. Machozi yalikuja hadi ukingoni. Aliyakataza yasianguke, na yakatii.

Kabla Mwalimu hajasema neno lingine, mama mmoja alifika akiwa na daftari na kalamu. Alikuwa Mama Dafrosa, mlezi wa kwaya ya watoto ya Usevya. Nyuma yake alikuja Padre Felisiani, akiwaita wageni kwenye chakula.

"Tumsifu Yesu Kristo! Mwalimu, watoto wako wameniua!" alisema Mama Dafrosa. "Naomba waniimbie polepole niandike. Wangu wakiusikia huu hawatalala."

"Watoto wamechoka, mama."

"Ubeti wa pili tu."

Hapakuwa na pa kukimbilia. Watoto walianza. Walifika mstari wa tatu wa ubeti, wavulana wakapotea palepale walipopotea siku zote, na wimbo ukafa. Mmoja alikohoa. Mama Dafrosa alibaki ameshika kalamu hewani.

"Wageni wamewatia woga," alisema Mwalimu, akijifuta jasho.

Mama Dafrosa alimgeukia Minza. "Na wewe, mwanangu, nilikuona pale mbele hufungui mdomo. Ulikuwa unaumwa?"

"Ndiyo, koo linamsumbua," Mwalimu alidakia. Akamtazama Minza, na macho yake hayakuwa na ukali tena. Yalikuwa yanamwomba. Skafu ilikuwa mkononi mwake, na kila mtu pale alijua kwamba neno moja tu lingeirudisha.

"Siumwi, mama," alisema Minza. Sauti ilimtetemeka, lakini ilitoka yote. "Sauti mliyosikia si yetu, imetoka kwenye flashi. Sisi hatujaimba. Mimi nimefunga mdomo kwa sababu sikutaka kuufungua bure."

Kisha Aline akapiga hatua mbele. "Ni kweli, mama. Hata mimi sikuimba. Tofauti ni kwamba mimi nilidanganya kwa mdomo wazi."

Padre Felisiani hakupandisha sauti. Aliuliza tu, "Mwalimu, watoto hawa wanajua wimbo gani wote, mwanzo hadi mwisho?"

"Ule wa zamani, Padre. Wa ngoma moja."

"Tuusikie huo."

Heri, mmoja wa wavulana wa kwaya, alileta ngoma. Minza alisimama mahali pake bila skafu, na hakuna aliyethubutu kumwondoa. Waliimba. Haukuwa wimbo wa kutikisa mji; kuna mahali walienda mbio, na Heri alipiga pigo moja la ziada. Lakini sauti ya Minza ilishika chini kabisa, imara, na wenzake wakaiegemea. Mwalimu Venant alikuwa amesimama mikono mitupu. Walipofika kiitikio cha pili, mikono ile ikaanza kuwaongoza. Mama Dafrosa aliandika hadi ukurasa ukajaa.

Mwalimu alimrudishia Minza skafu siku hiyohiyo. Wiki nzima, kila jioni, waliufanyia mazoezi ubeti wa kwanza wa ule wimbo mpya peke yake, bila spika. Jumapili iliyofuata, baada ya Komunyo, waliuimba huo pamoja na kiitikio, wakakoma hapo, kwa kuwa huo ndio waliokuwa wanaujua. Mwalimu Venant aliondoa mikono kwenye kinanda na kuiweka magotini.

Kanisa likanyamaza. Minza alisikia mabati ya paa yakilia kwa jua, na mtoto mchanga akinyonya. Hakuna aliyegeuka kutazama kama kwaya imesahau kitu. Watu waliinama na kusali, na Minza naye akasali, na kwa mara ya kwanza alikuwa na nafasi ya kumaliza.

Nje, Mwalimu aliwakusanya watoto wote.

"Nilikuwa naogopa," alisema. "Nyie mkikosea, nilidhani watu wananicheka mimi. Kanisa likinyamaza, nilidhani wananisema mimi. Kwa hiyo nikaficha makosa yenu, na makosa yaliyofichwa hayarekebishiki. Sauti yako ikiwa mbovu, tutaifundisha mpaka itengemae. Ya kuazima haifundishiki. Ukiwa na wimbo, imba kwa koo lako mwenyewe. Ukiwa huna, nyamaza, wala usione aibu. Nisameheni, wanangu."

Minza alisogea mbele. "Shikamoo, Mwalimu. Na mimi naomba radhi kwa kukujibu mbele ya wageni." Akainua kidevu. "Ila kwa kufunga mdomo, siombi."

Watoto walishika vinywa.

"Hilo usiliombee radhi, Minza," alisema Mwalimu Venant. "Usiliombee radhi kwangu, wala kwa mkubwa mwingine yeyote."