Baba wa Mbu

Mambo yalianza Jumanne, saa kumi na moja na dakika saba jioni. Sekela alikuwa uani, akila ndizi ya kuchoma.

Mara akaja mdudu. Alikuwa na miguu sita. La, mitano! Mmoja ulikuwa umekatika.

Miguu mitano, mirefu, mirefu!
Tapu-tapu, tapu-tapu, tap!

Akagonga ukuta. Akagonga sufuria. Akagonga ndizi ya Sekela.

"Mama yangu wee!" akapiga kelele Mjomba Ambakisye. "Baba wa mbu!"

Mjomba akakimbilia ndani. Akatoka amejifunika chandarua, toka kichwani hadi miguuni.

"Mbu mdogo huninyima usingizi," alisema. "Huyu atanibeba mzimamzima!"

"Anaishi wapi, Mjomba?"

"Kule kwenye tope, nyuma ya migomba. Kesho asubuhi nalifukia!"

Akajaza udongo kwenye toroli. Pu! Pu! Pu!

Sekela akalitazama tope. Lilikuwa laini, jeusi, limejaa matete. Likifukiwa, mdudu ataenda wapi?

"Mjomba, labda haumi."

"Haumi? Na urefu wote ule?"

Mdudu akarudi.

Miguu mitano, mirefu, mirefu!
Tapu-tapu, tapu-tapu, tap!

Mjomba akatimua mbio. Akakanyaga chandarua chake. Chubwi! Topeni!

Chandarua kikamvuka. Mdudu akatua juu ya pua ya Mjomba.

Mjomba akafumba macho. "Kwaheri, Sekela. Ndizi zangu chukua wewe."

Wakangoja. Wakangoja. Wakangoja.

Mjomba akafumbua jicho moja. "Mbona haniumi? Kwani mimi si mtamu?"

Sekela alicheka mpaka akakaa chini.

Mdudu akashuka. Akachovya mkia topeni. Dona! Akachovya tena. Dona!

"Mjomba! Anataga mayai!"

"Baba anataga mayai?"

"Si baba. Ni mama!"

"Mama wa mbu?"

"Mbu wapi, Mjomba! Ana watoto wake mwenyewe. Watalala humu humu, kwenye tope."

Mjomba akalitazama tope. Akalitazama toroli. Akatoka polepole, tope likimchuruzika masikioni.

"Shhh," akanong'ona. "Tutawaamsha."

Usiku, Sekela alijifunika shuka. Dirishani akasikia: tapu-tapu, tap. Akatabasamu, akalala.

Kesho yake asubuhi, Sekela alisukuma toroli, akamwaga udongo wote kwenye migomba. Kisha akanyata hadi ukingoni mwa tope, akainama.

"Mmeamkaje, watoto?"